Miwaridi Isiyovikwa Blanketi

Mjini Ottawa, Kanada, kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri mwezi wa Januari. Mwenye bustani huko huanza kuihangaikia miwaridi yake mapema: huirundikia udongo shinani, huifunga magunia, kisha hungoja Aprili mithili ya mtahiniwa anayengoja matokeo. Aghalabu matokeo yenyewe huwa vijiti vyeusi.

Felicitas Svejda, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Kanada mwaka wa 1953, aliliendea jambo hili kwa njia nyingine. Alipoanza kuzalisha miwaridi mwaka wa 1961 katika shamba la majaribio la serikali mjini humo, aliinyima miche yake blanketi. Hakuifunika, wala hakuinyunyizia dawa ya ukungu. Iliyokufa ilikufa. Huenda msomaji akauona huo kuwa ukatili, hasa akikumbuka kwamba kila mche ulikuwa tunda la kazi ya miaka.

Lakini baridi na maradhi ni maadui walioshikana mikono. Ukungu wa madoa meusi huvamia majani yaliyolowa kwa saa kadhaa, nayo hupukutika katikati ya majira ya joto. Mti usio na majani utajiwekea akiba gani? Theluji huukuta na ghala tupu. Ndiyo maana vifo vingi vinavyosingiziwa Januari hakika vilianza Julai, kwa majani yenye ugonjwa yaliyoachwa chini bila kuzolewa. Mbolea ya naitrojeni nayo, ikitiwa mwishoni mwa majira hayo kwa huruma tupu, huchipuza matawi mororo yanayobabuliwa na jalidi ya kwanza. Ama theluji, ambayo mgeni angeidhania kuwa ndiyo muuaji, huwa kinga. Hatari zaidi ni upepo mkavu, na ardhi inayoyeyuka na kuganda tena.

Svejda, aliyefariki mwaka wa 2016, aliipa miwaridi iliyosalia majina ya wavumbuzi. 'Martin Frobisher' ulitolewa mwaka wa 1968. 'William Baffin', unaotambaa juu ya ukuta, mwaka wa 1983. Henry Hudson mwenyewe alitelekezwa na mabaharia wake katika mashua ndogo mwaka wa 1611, asionekane tena. Mwaridi wenye jina lake, ukioteshwa kwa kipande cha tawi bila kuunganishwa na shina la mwaridi mwingine, waweza kukatwa na baridi hadi udongoni, na kinachochipuka mizizini kikawa ni ule ule.