Mbalamwezi

Ijumaa, 15 Novemba 2024

Mwezi umepevuka. Umetokea nyuma ya bloku, mkubwa, mwekundu, na wasichana wa chumba cha jirani wametoka mbio kuupiga picha. Nimeutazama mara moja nikarudi ndani. Leo nyumbani Kigoma, pale Kibirizi, hakuna aliyeingia ziwani. Mitumbwi imevutwa mchangani, vijana wanashona nyavu, Mama hana mzigo wa dagaa. Basi hakuna cha kuomba mpaka mwisho wa mwezi, giza lirudi. Mchele upo. Sukari ipo. Nauli ya kwenda Mwenge haipo, nitatembea.

Nilipomaliza magharibi nikampigia Mama. Kwake adhana ndiyo kwanza inaanza, naisikia nyuma ya sauti yake. Karibu dakika 40 jua linatangulia kuzama huku Dar. Darasani nilifundishwa longitudo nikapata vema zote. Kumbe sikuwahi kuijua mpaka leo, mimi nimeshakunja mkeka na Mama bado hajatawadha.

"Ngoja nikasali, mwanangu, nitakupigia."

Hakupiga. Vocha hiyo, najua.

Joto jamani. Nimelowesha kanga nijifunike.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku mbaya.

Simu ilikuwa inachajiwa kwa jirani. Kwenda kuichukua, kioo kimejaa jina moja tu, Mama, Mama, Mama. Kasikia redioni ghorofa limeanguka Kariakoo. Kwake yeye Kariakoo, Mlimani, Ubungo, yote ni Dar, na Dar ndiko aliko mtoto wake. Aliposikia sauti yangu akalia. Sijawahi kumsikia Mama analia. Alipofiwa na Baba aliingia ndani akafunga mlango.

Halafu akanigombeza sana. Halafu akauliza nimekula nini. Wali na samaki, nikasema. Hakuna samaki. Ila ningemwambia nini, leo?

Songea (nitamwita hivyo humu) ana mjomba mwenye duka mitaa ile ile. Alipiga, haipatikani. Akapiga, haipatikani. Tulikaa sakafuni mbele ya kitanda chake mpaka usiku ukaingia ndipo mjomba akapokea, mzima, hakuwa dukani. Songea akaniegemea begani. Tumelala chumba kimoja wiki zote hizi na maneno yetu yalikuwa "zima taa" na "nani kachukua ndoo."

Watu bado wako chini ya kifusi, wengine wanaongea na waokoaji. Ee Mola, watoe.

Jumatano, 20 Novemba

Semina. Nilijua jibu.

Swali lilikuwa: kwa nini samaki wadogo wa maji ya kina wanapanda juu usiku? Nililijua kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Vijidudu vya majini vinapanda gizani, dagaa wanavifuata, na wavuvi wanawasha taa juu ya wavu wakusanyike. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kila mahali, hawakusanyiki, ndiyo maana watu wanalala nyumbani. Nimekulia hapo. Nimelishwa na hilo jambo, nimeshonewa sare za shule kwa hilo jambo.

Mkono ukabaki mezani. Kijana wa mbele akajibu, Kiingereza chake hakina hata mahali pa kupumulia. Alisahau mwezi. Mwalimu naye akapita.

Nimekaa kimbwetani mpaka mbu wakanifukuza. Si Kiingereza peke yake, nimesoma kwa Kiingereza miaka sita. Ni kwamba hapa hakuna anayejua mimi ni nani. Kule nikipita sokoni naitwa kutoka kila meza, hujambo binti wa fulani, Mama hajambo, chukua ndizi hii. Hapa nina namba ya usajili. Natembea kutoka hosteli mpaka kumbi za Yombo, watu maelfu, sijasikia jina langu.

Na nimechoka kuchekwa matamshi. Hawacheki kwa ubaya, naelewa. Nimechoka tu.

Alhamisi

Usingizi hakuna. Niliwaza: nikirudi nyumbani leo, nani atashangaa? Mama hatasema kitu. Atanitengea chakula. Hicho ndicho ninachokiogopa, kwamba hatasema kitu.

Jumamosi, 23 Novemba

Kunduchi! Masomo ya vitendo, kwa basi la chuo.

Tulipofika maji yamejaa mpaka karibu na mitumbwi. Tukaingia maabara, vitabu, mizani, pua zote zinanuka samaki. Tulipotoka alasiri bahari haipo. Imeondoka! Matope, majani ya bahari, watoto wanaokota vitu mahali ambapo asubuhi palikuwa na kina. Wenzangu wa Tanga na Mtwara wanapita tu, wamezoea. Mimi nimesimama. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lakini halijawahi kuondoka na kutuacha ufukweni hivi. Nikaonja maji pia, ilibidi.

Halafu kwenye vichanja. Nikasikia harufu kwanza. Wanawake watatu wameanika dagaa mchele, mmoja ana chungu kikubwa anachemsha wengine kwa maji ya chumvi. Sisi hatuchemshi, tunaanika wabichi, jua likiwa zuri wamekauka siku hiyo hiyo. Nikajikuta nimeshainama, nawageuza. Mikono ilienda yenyewe. Yule mama mwenye chungu akaniangalia.

"Wewe binti umetoka wapi?"

"Kigoma, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo maana unawageuza bila kuwavunja."

Akanipa kigoda! Wenzangu wanaandika, mimi nimekaa naongea biashara. Bei ya chumvi. Wanunuzi wanaokuja na bei yao mfukoni. Nikamwambia ziwa lilivyofungwa mwaka huu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapumzike wazaliane, na Mama akawa anakaanga vitumbua miezi yote mitatu. Akatikisa kichwa. Mama mtu yule, pole yake, akasema, kama vile anamfahamu.

Nikauliza leo mbona mzigo mdogo. "Mwezi huo bado. Subiri wiki ijayo giza liingie, vijana watarudi na dagaa, utachoka mwenyewe."

Giza liingie! Neno kwa neno. Ncha ya pili ya nchi, bahari nyingine, chumvi, na huyu mama anahesabu siku zake sawasawa na Mama anavyohesabu zake. Koo likanikaba. Sikulia lakini. Nilicheka, sijui kwa nini, nikacheka kwa sauti, naye akacheka.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma, hata sikumwona. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, sisi kule tunafanyaje mvua ikinyesha. Nikamweleza yote. Vichanja vya waya, vya juu, kwa sababu dagaa wa mchangani wakilowa wanaoza na mchanga unashusha bei. Wenzangu wakaandika. Waliandika nilichosema MIMI.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa mitaa, hakuna vipindi. Nimefua kila kitu. Mtanga, yule mwenzangu wa Tanga, ameuliza kama kweli kule kwetu unaweza kuona Kongo ukiwa umekaa mlangoni. Hewa ikiwa safi, ndiyo, milima yake. Akataka picha. Sina. Nikamchorea.

Jumapili, 1 Desemba

Giza. Nilimpigia Mama na furaha zangu, nikijua vijana wameingia.

Wameingia. Wamepata. Mvua ikanyesha asubuhi yote, mzigo ukalowa, jioni ukaanza kunuka. Kauza nusu kwa bei ya chakula cha kuku. Hakutaka kunieleza. Nilimvuta neno moja moja.

Na ile elfu ishirini uliyonitumia juzi, Mama? Kimya. Mama? "Kikoba." Amekopa kwenye kikoba ili mimi nipate nauli.

Ndipo nikamweleza na mimi. Wali na samaki hakuna. Asubuhi chai na chapati moja, mchana napita, jioni wali na maharage, na natembea mpaka Mwenge na kurudi. Nikamwambia naogopa semina. Nikamwambia usiku ule niliwaza kurudi. Nilidhani atalia tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa nimejua. Nilikuwa naomba dua bila kujua naomba nini."

Tumekubaliana. Asinifiche, nisimfiche. Hata kama habari ni mbaya, aseme.

Nimelala saa tatu usiku. Kama mtoto.

Ijumaa, 6 Desemba

Boom limeingia, hela ya mkopo!! Bloku nzima inapiga kelele. Mtanga anacheza juu ya kitanda. Huko nje harufu ya chipsi mayai kila kona.

Nimekaa na karatasi kwanza. Chakula mpaka mwezi wa pili. Kutoa nakala. Sabuni. Nauli, sasa napanda daladala siku za jua kali, nimejiruhusu. Iliyobaki nimeigawa, nusu nikamtumia Mama.

Akapiga papo hapo, mkali. "Nani kakutuma? Hela ya kusoma hiyo!"

Nikasema si zawadi. Ni turubai. Mama anunue turubai kubwa, wingu likionekana afunike vichanja, asubiri, afunue. Kikoba tutalipa mzigo ukipona. Mwalimu pia ametuonyesha wanavyokausha ndani ya nyumba ya nailoni, jua linapita na mvua haipiti, nitamchorea nimtumie kwa basi, fundi wa kule akiangalia anaweza.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia anaongea na mtu pembeni, sijui nani, anamwambia kwa Kiha mambo yangu. Akarudi.

"Hilo turubai liwe jeusi au la bluu?"

Tukabishana. Yeye anataka la bluu, halipotei ufukweni. Mimi nasema aangalie unene kwanza, rangi baadaye. Salio likakata tukiwa bado tunabishana, nikaweka vocha nikampigia tena.

Jumatano, 11 Desemba

Kesho zamu ya kikundi chetu. Kijana wa mbele yumo kwenye kikundi, kumbe mpole. Amechukua utangulizi, Songea namba na jedwali. Mimi nimepewa kiini: mwezi na wavuvi. Nimesema sitasoma kwenye karatasi, nitaeleza. Nimepata maneno yake ya kitaalamu yote, yale magumu nimeyaandika kiganjani.

Nauli ninayo. Shati jeupe limenyooshwa. Songea amekaa kitandani na saa ya simu, anasema tuanze upya, dakika saba, na safari hii nisiteremshe sauti mwishoni.