Popo wa Pugu, giza la Marui na zimwi la Dracula

Safari ya kwenda Marui huanza kwa kelele na kuishia kwa kimya. Gari linatoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Nyerere, linapita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto na Pugu, kisha linapanda vilima hadi Kisarawe mjini. Kutoka hapo kuingia ndani ya wilaya, kuelekea kata kama Marui, nyumba zinapungua, mikorosho na miembe inaongezeka, na honi za bodaboda zinabaki nyuma.

Jua likishazama, giza la huku si giza la mjini. Taa ya nyumba moja haifiki nyumba ya pili. Katikati yake kuna shamba la mihogo, kichaka, na mti ambao kila mtoto anajua kwamba bundi hulia hapo. Mtoto akitumwa kiberiti usiku, huenda akijikaza na kurudi mbio.

Katika giza hilo ndimo filamu za kutisha zinamotazamwa siku hizi. Wengine huziona kwenye kibanda umiza, wengine kwenye simu ya mjomba iliyowekwa memori kadi yenye muvi kumi na mbili. Humo ndani hakosi yule bwana mrefu mwenye joho jeusi na meno mawili marefu, anayekunywa damu ya watu. Watoto wanamwita Dracula. Wazazi wengi wanamjua pia, kwa sababu waliwahi kumkimbia wao wenyewe na kujifunika shuka gubigubi.

Zimwi lililotengenezewa bustanini

Jina la Dracula linatoka katika riwaya ya Bram Stoker, mwandishi wa Ireland, iliyotoka mwaka 1897. Lakini sura ambayo dunia inaikumbuka, ya macho mekundu na damu inayong'aa kwa rangi, ilitoka katika kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Hammer. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitoa filamu ya Frankenstein, na mwaka 1958 ikatoa Dracula. Zote mbili ziliongozwa na Terence Fisher, na zilikuwa na waigizaji walewale wawili wakuu, Peter Cushing na Christopher Lee. Hizo ndizo filamu zinazoitwa gothiki: makasri ya kale, makaburi, ngurumo, mishumaa, na siri ya familia iliyofungiwa chumbani.

Hadi leo zina mashabiki wanaozitazama tena na tena, na sababu kubwa ni ufundi. Hammer haikuwa na fedha nyingi. Studio yake ilikuwa jumba la zamani kando ya Mto Thames, mahali paitwapo Bray. Fundi wa mandhari, Bernard Robinson, alikuwa akichukua ukumbi uleule, anaupaka rangi nyingine, anahamisha ngazi na nguzo, na wiki chache baadaye unakuwa kasri jipya katika filamu nyingine. Jirani na studio lilikuwapo jumba jingine, Oakley Court, lenye minara iliyochongoka. Lilitumika katika filamu kadhaa za kutisha. Leo ni hoteli, na watu wanakunywa chai palepale wafu walipokuwa wakifufuka.

Na ule msitu ambamo farasi wanakimbia usiku huku mbwa mwitu wakilia? Mara nyingi ulikuwa Black Park, eneo la miti na ziwa karibu na London, ambako familia huenda kutembea na watoto siku za mapumziko.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hulisifu. Katika filamu ya mwaka 1958, Lee anaonekana kwa dakika chache tu, na anaongea mwanzoni peke yake. Baada ya hapo Dracula ni kivuli, hatua, mlango unaofunguka. Mwaka 1966, katika filamu nyingine ya Dracula, Lee hakutamka hata neno moja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtazamaji ndiye anayejaza kilichobaki. Bibi wa Kizaramo anayesimulia hadithi ya zimwi gizani hufanya vilevile. Hasemi zimwi lina urefu gani. Anashusha sauti, ananyamaza kidogo, na kila mtoto analiona la kwake.

Hata hivyo filamu hizo hazikuwa za watoto. Uingereza iliipa Dracula alama ya X, yaani asiyetimiza miaka 16 haingii sinema. Tanzania nayo ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hukagua na kupanga madaraja ya umri. Tatizo ni kwamba memori kadi haina mlinzi mlangoni. Hapo mlinzi ni mzazi.

Wanyonya damu wa nyumbani

Mtoto wa Pwani hakusubiri Waingereza ndipo aogope mnyonya damu. Kabla ya Dracula alikuwapo mumiani. Vizazi kadhaa vya watoto wa Dar es Salaam na vijiji vya jirani vimeonywa visitembee ovyo, kwa sababu mumiani anapita na gari akikamata watu ili awanyonye damu.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Lina asili moja na neno la Kiajemi na Kiarabu la kitu cheusi kama lami, kilichotumika kama dawa. Katika asili hiyohiyo ndiko Waingereza walikopata jina la maiti za Misri zilizokaushwa, zile ambazo Hammer ilizitengenezea filamu mwaka 1959. Na si kwamba hadithi haikuwa na chembe ya kweli. Kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga uliosagwa kutoka maiti hizo, na wagonjwa wakaunywa. Mmisionari Krapf, aliyeishi karibu na Mombasa, aliliingiza neno mumiani katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, akieleza kuwa wenyeji waliamini Wazungu wanatengeneza dawa kutokana na damu ya watu.

Enzi za ukoloni hofu hiyo ilivaa sare. Kampala na Nairobi, neno wazimamoto lilikuja kumaanisha wanyonya damu, kwa sababu watu waliyaona magari mekundu na mipira mirefu wakajiuliza inavuta nini.

Wasanii wetu nao wameigeuza hofu kuwa filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, moja ya filamu za kwanza za kutisha za Kiswahili. Jina lake ni la Kinyakyusa, la mfu anayerudi. Baadaye akatoa Shumileta, habari ya jini mwanamke. Na wale waliokwenda kwenye mabanda ya video ya Dar es Salaam wanamkumbuka Lufufu, aliyewasimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akitia utani palipokuwa na woga. Ukumbi ulicheka, na aliyekuwa amefumba macho akayafumbua.

Pale hofu inapoua

Kuna tofauti kati ya hofu ya filamu na hofu ya uvumi, na mzazi anapaswa kuijua. Anayeingia kutazama Dracula anajua kuna mwisho. Cushing atakimbia juu ya meza, ataliangusha pazia, jua litaingia, na zimwi litakuwa majivu. Uvumi hauna mwisho wala pazia.

Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, ulizuka uvumi kwamba wapo wanyonya damu wanaozunguka usiku. Vijana waliweka vizuizi barabarani. Watu kadhaa waliuawa na makundi yenye hasira, Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake, na serikali ikazuia watu kutembea usiku. Waliouawa hawakuwa na meno marefu. Wengi hushukiwa kwa kosa la ugeni tu, au kwa kuonekana mahali ambapo hawajulikani.

Kijijini ambako giza ni jingi na simu ziko mikononi, ujumbe wa sauti wa nusu dakika unaweza kufika kila nyumba kabla ya mwenyekiti wa kitongoji hajaamka. Mtoto ambaye hakufundishwa kuuliza "nani kasema, na kaona kwa macho yake?" atakua mtu mzima anayeokota jiwe kabla ya kuuliza.

Kwenda kuwaona popo

Bahati nzuri, dawa ya hofu iko njiani. Kabla ya kufika Kisarawe mjini kuna msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwenye vilima vya Pugu kuna mapango yaliyochimbwa na watu waliotafuta kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kaure. Wachimbaji waliondoka, popo wakahamia. Jioni hutoka kwa makundi makubwa, anga likijaa mabawa.

Mtoto aliyezoea kumwona Dracula akigeuka popo atashika mkono wa baba yake kwa nguvu. Hapo ndipo pa kumweleza. Popo wanaokunywa damu wapo kweli duniani, lakini ni aina tatu tu, na zote zinaishi Amerika. Hakuna hata moja Afrika. Popo wa kwetu hula wadudu au matunda, na baadhi husambaza mbegu na kuchavusha maua ya mibuyu.

Safari hiyo ina masharti yake. Ni vizuri kwenda na mwongozaji na kuwatazama popo kutoka nje ya pango. Watoto wasiwashike popo, hata waliokufa, wala wasichezee kinyesi chao, kwa kuwa popo wanaweza kubeba magonjwa hatari. Wavae viatu vya kufunika, na tochi iwepo kwa ajili ya kurudi.

Kwa familia iliyoko Marui isiyo na nauli ya safari, kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani. Filamu ya kutisha mtoto asiitazame peke yake chini ya shuka. Mkubwa akishapima kuwa umri unaruhusu, akae naye, na asimamishe picha pale anapoona amekaza macho. Aulize: kamera ilikuwa wapi? Damu hii wameitengeneza kwa nini? Sauti hii imetoka wapi? Mtoto anayejua kwamba Christopher Lee na Peter Cushing, waliouana mara nyingi kwenye filamu, walikuwa marafiki wakubwa hadi Cushing alipofariki mwaka 1994, humtazama Dracula kwa jicho jingine.

Kwa mdogo ambaye bado hawezi, hakuna haraka. Asichekwe wala asiitwe mwoga mbele ya wenzake. Apewe zimwi la bibi kwanza, mapema jioni, akiwa katikati ya ndugu zake, na hadithi iishe kwa zimwi kushindwa.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watoto wa siku hizi wanaonana na mazimwi mengi, mengine ya London, mengine ya Dar es Salaam, mengine ya kwenye makundi ya WhatsApp. Mzazi hawezi kuyafukuza yote. Anaweza kuwa wa kwanza kuyajua, na kumtajia mtoto yapi ni ya kuigiza na yapi yanaweza kumuua jirani asiye na hatia.