Batasema Amehamia Kanda C

Mbwa wetu alikuwa na miaka saba tulipoanza kumtafutia nyumba nyingine. Kambo, mama mzazi wa baba yangu, alikuwa anahama Kamina kwenda Lubumbashi kukaa na shangazi, kwa sababu macho yake yalikuwa yamepungua nguvu na hakuweza tena kuishi peke yake. Shangazi anapanga vyumba viwili katika lupango lenye familia nne. Mwenye nyumba alisema wazi kwamba bibi anakaribishwa, mbwa hapana. Mimi ninalala katika chumba cha wanafunzi wenzangu watatu, kwa hiyo sikuwa na la kusema.

Mbwa huyo anaitwa Batasema. Wasomaji waliosomea Kiswahili cha vitabu wangeandika “Watasema”, lakini Katanga kiambishi cha watu ni ba-, kama ilivyo katika Kiluba. Kambo alimpa jina hilo mwaka aliofiwa na mume wake, alipokataa kurudi kwa kaka zake na majirani wakaanza kumsengenya. Kila jioni alisimama mlangoni akaita kwa sauti, “Batasema!” Mbwa alikuja kula, na majirani walipata ujumbe wao. Kwenye somo la pragmatiki tulipofundishwa kwamba tamko moja linaweza kuwa na wasikilizaji wawili, sikuhitaji mfano wa kitabuni.

Kumpa mtu mbwa mdogo ni rahisi, maana kila mtoto anamtaka. Mbwa mzima ana tabia zake tayari, na watu wanamuuliza maswali kama mchumba aliyechelewa kuolewa: mbona mnamtoa, ana kasoro gani? Mtu wa kwanza kuja alikuwa mfanyabiashara aliyetaka kumfunga mnyororo mchana na usiku penye ghala lake. Wa pili aliuliza uzito wake kabla ya kuuliza jina, na kambo akayamaliza mazungumzo hapo hapo. Wa tatu alikuwa mke wa mwanajeshi, anayekaa ng'ambo ya reli na watoto watatu. Mume wake husafiri mara kwa mara, naye alitaka mbwa wa kumwamsha usiku. Alichuchumaa, akanyoosha mkono, akasubiri mpaka Batasema alipokuja kuunusa mwenyewe. Kambo alimtazama, kisha akataja mahari: kuku mmoja. “Mbwa wa bure ni mbwa wa kila mtu,” alisema.

Tulifanya mambo polepole. Wiki ya kwanza watoto walikuja kwetu kumlisha katika sahani yake ya zamani. Wiki ya pili nilimpeleka kwao mara tatu, nikarudi naye. Siku ya kumkabidhi nilibeba sahani, gunia alilolalia, bila kulifua ili libaki na harufu yake, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilimweleza mama yule kwamba Batasema anaogopa radi na hapendi kuguswa akiwa anakula.

Tatizo lililonishughulisha zaidi lilikuwa la lugha. Familia ile imetoka Kinshasa, na nyumbani wanasema Lingala, ambayo tangu enzi za Force Publique ndiyo lugha ya jeshi nchini kwetu. Batasema alikuwa amekulia katika Kiluba na Kiswahili chetu. Kwa uainishaji wa Guthrie, alikuwa anatoka L33 na G42 kwenda kanda C. Nikakaa usiku nikaandika orodha: “kuya” ni “yaka”, “ikala” ni “vanda”, “toka” ni “bima”, “acha” ni “tika”. Niliipenda sana kamusi yangu hiyo ndogo. Kambo aliuliza nani ataisoma.

Baadaye nilikutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la NeuroImage. Laura Cuaya alihama kutoka Mexico kwenda Hungaria pamoja na mbwa wake Kun-kun, akajiuliza kama mbwa huyo anatambua kwamba watu wa Budapest wanasema lugha nyingine. Yeye na wenzake waliwapima ubongo mbwa 18 huku wakiwasikilizisha hadithi ya Le Petit Prince kwa Kihispania na kwa Kihungaria. Ubongo wa mbwa ulitofautisha lugha waliyoizoea na ile ngeni, na kadiri mbwa alivyokuwa na umri mkubwa ndivyo ulivyotofautisha vizuri zaidi. Niliposoma hayo sikufurahi kama mtafiti anavyopaswa kufurahi. Maana yake ni kwamba Batasema, kwa miaka yake saba, alijua vizuri kwamba amepelekwa kwa wageni.

Usiku wa nne alirudi. Alivuka reli peke yake, akaanza kukwaruza mlango wetu. Niliamka, nikashika komeo. Kambo alikuwa ameketi kitandani gizani, vitu vyake vimeshafungwa.

“Usifungue,” alisema.

“Kambo, ni Batasema.”

“Najua. Ukiifungulia leo, wiki ijayo itarudi tena, na itakuta kufuli.”

Tulimsikiliza mpaka alipochoka, akalala kizingitini. Hakuna aliyelala ndani. Asubuhi mke wa mwanajeshi alikuja na mtoto wake mkubwa, hakukasirika, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Kambo alitoka akiishika fremu ya mlango, akamwambia mbwa neno moja, “Enda.” Hakumgusa. Batasema alimfuata mtoto, anasimama, anageuka, anaendelea. Kwa muda mrefu nilifikiri kambo alikuwa na moyo mgumu usiku ule. Sasa ninaona kwamba mimi nilitaka kufungua kwa ajili yangu mwenyewe. Siku tatu baadaye tulipanda treni.

Nilirudi Kamina baada ya miezi kumi. Nilifika kwao mchana, nikasimama penye ua. Batasema alikuwa amelala chini ya mwembe, amenenepa kidogo. Watoto walikuwa wamejaribu kulitafsiri jina lake. Ba- waliielewa, maana Lingala nayo inayo, wakapata “Bakoloba”, lakini mbwa hakuitikia. Mbwa hatafsiriwi jina. Mwishowe walilikata, wakabaki na “Sema”, sauti isiyo na maana katika lugha yao, ambayo yeye aliijua tayari.

Niliita kama zamani: “Batasema, kuya!” Masikio yakasimama. Aliinuka, mkia ukaanza kutikisika, lakini hakuja. Alimgeukia yule mtoto mkubwa. Mtoto akamwambia, “Kende,” yaani nenda, na hapo ndipo alipokuja mbio akanirukia kifuani. Nilimkumbatia, na siwezi kuficha kwamba nilimwonea wivu mtoto yule. Mimi nilikuwa bado namwita kwa lugha yangu, lakini ruhusa ya kuja ilitolewa kwa Lingala.

Jioni nilimpigia kambo simu. Katika Kiswahili chetu cha Katanga mtu “eko”, kitu “iko”, na nyumbani kwetu Batasema alikuwa “iko” siku zote: imbwa yangu iko na njala, imbwa yangu iko inje. Walimu wangu wa Kiswahili sanifu husahihisha, “mbwa wangu yuko”, kwa sababu mnyama ana uhai na huchukua upatanisho wa watu. Kambo hajawahi kukaa katika darasa hilo.

Nilimwambia kwamba nimetoka kumwona. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Eko muzuri?”

Nikamjibu kwamba eko, anakula vizuri, na radi ikipiga watoto wanamwingiza ndani. Hakuuliza kama alinikumbuka. Aliuliza tu kama yule kuku tuliyempa shangazi ameanza kutaga.