Msichana Asiye na Koo

Nikwambie ukweli: siku ile niliingia darasani na picha ya Hatsune Miku nikijua nitachekwa. Mwimbaji huyu si mtu. Ni programu ya kompyuta iliyotolewa Sapporo, Japani, mwaka 2007, sauti ikakopwa kwa mwigizaji Saki Fujita. Waliomuunda walitaja umri, miaka 16. Urefu, sentimita 158. Uzito, kilo 42. Kisa hawakumpa.

“Haya, mpeni maisha,” nikawaambia.

Binti mmoja wa nyuma, muhula mzima kimya, aliandika: mchana anaimba maneno ya watu, usiku anatafuta neno lake mwenyewe, moja tu.

Nilishika kalamu nyekundu nisahihishe. Nikaiweka chini. Mwalimu mzima, langu mimi nililiandika lini?