Maji Yanayokataa Kuganda

Sisi wa ualimu tumekariri kwamba maji huganda kwenye nyuzijoto 0, na tunaenda kuwakaririsha wengine. Sawa. Lakini maji ya bahari kule McMurdo, Antaktika, yana nyuzi -1.9, na samaki wanaogelea humo wazima kabisa. Bahari inaokolewa na chumvi. Damu ya samaki haina chumvi nyingi kiasi hicho. Kwa chumvi peke yake ingeshaganda.

Miaka ya 1960 Mmarekani Arthur DeVries, akiwa bado mwanafunzi kama sisi, aliwachunguza samaki hao. Kumbe damu yao ina protini zilizofungamana na sukari. Haziyeyushi barafu. Kipunje cha barafu kikiingia mwilini, protini zinajibandika juu yake. Maji yanapata nafasi ya kuganda katikati yao tu, na hapo uso wa barafu unabinuka kama mgongo wa kobe. Uso uliobinuka hauongezeki kirahisi, unadai baridi kali zaidi. Basi kipunje kinabaki kipunje.

Na si hao samaki tu. Hata protini ya yai imevaa tabaka jembamba la maji. Gramu 1 hushika kama gramu 0.3. Ukiipoza mpaka nyuzi -30, maji ya pembeni yanakuwa barafu lakini tabaka lile haligandi. Kuganda ni molekuli kujipanga safu kwa safu, na hizi zimeshikwa na protini huku na huku. Zitajipanga saa ngapi?

Kwenye TP mwaka jana, binti wa kidato cha pili aliniuliza kuhusu samaki wa kwenye barafu. Nikamweleza haya kwa dakika kumi, kobe nimemchora ubaoni. Msimamizi aliyekaa nyuma akaandika "nje ya mada", alama zikakatwa, na alama zenyewe ndizo zinazonitenga na daraja ninalolitaka. Mwaka huu naenda tena. Wenzangu wananiambia nifuate andalio la somo, nisijitafutie matatizo.

Ila yule binti alirudi kesho yake: maji yaliyomo kwenye maharage makavu nayo yameshikwa hivyo? Ndiyo, kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana mbegu zilizokaushwa vizuri huhifadhiwa kwenye nyuzi -18 bila barafu kuzipasua. Andalio langu jipya lina dakika tano za maharage. Nimeziandika kwa kalamu ya wino.