Maharagwe Yaliyokalisha Nyumba Moja

Katika nchi yetu chakula si kitu cha kujaza tumbo tu. Mwenye nyumba amchinjiaye mgeni kuku amekwisha kusema naye mengi kabla hajafungua kinywa. Amemwambia, "Karibu, nimefurahi, wewe u mtu wangu." Na mgeni alaye amejibu. Kwa hiyo mgeni asiyekula, hata awe na sababu njema namna gani, huonekana kana kwamba ameikataa salamu. Jambo hili laleta taabu katika nyumba nyingi siku hizi, maana vijana wetu waendao mijini hurudi na desturi mpya za kula, na wazee walioko nyumbani hawakupata habari mapema. Nataka kueleza jinsi taabu hiyo ilivyoingia katika nyumba yangu huku milimani Usambara, na jinsi tulivyopata njia kwa maharagwe, karoti na kikaango.

Binti yangu asoma chuoni Dar es Salaam. Alipokuja likizo ya Desemba mwaka 2023, alitueleza kwa upole ya kuwa sasa hali nyama, wala samaki, wala mayai, wala hanywi maziwa. Hatumii chakula chochote kitokacho kwa mnyama. Alisema ameazimu hivyo kwa kuwahurumia wanyama, wala hakusudii kumhukumu mtu alaye. Mimi nilimsikiliza, maana ni mtu mzima. Lakini mama yangu, mwenye miaka 78, alikuwa amemtengea jogoo tangu mwezi wa Oktoba. Alimlisha pumba kwa mkono wake, akawaambia majirani, "Huyu ni wa mke mwenzangu." Basi aliposikia habari ile, heri angalikasirika. Alinyamaza tu. Jioni ile hakuja kula pamoja nasi; alibaki jikoni, akasema mgongo wamwuma.

Usiku binti yangu alinijia akilia. "Baba," akasema, "Bibi aniona nimemdharau. Je, nile tu yaishe?"

Nikamjibu, "Mwanangu, ukila kwa kumwogopa, atajua, kwa kuwa ndiye aliyekulea. Tena ukikaa mbele yake na sahani tupu, utamwumiza kila siku. Yeye ametaka kukupa kitu, nawe huwezi kukipokea. Basi mpe wewe kitu ambacho yeye aweza kukipokea."

Ndipo akasema ya kuwa kule mjini yeye na wenzake hujipikia baga za maharagwe, naye ajua kuzitengeneza.

Hapo yafaa nieleze neno lenyewe, maana wako watu kijijini waliosikia jina lake kamili, hamburger, wakadhani lazima ndani yake mna nyama ya nguruwe, kwa sababu Waingereza huiita nyama hiyo "ham." Sivyo. Jina lile latokana na Hamburg, mji mkubwa wa bandari katika Ujerumani. Baga ya kawaida ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikafinyangwa mviringo bapa, ikakaangwa au kuchomwa, kisha ikatiwa kati ya vipande viwili vya mkate. Walakini wako pia wanaoifanya kwa nafaka, maharagwe na mboga. Huko London mwaka 1982 mtu mmoja jina lake Gregory Sams alianza kuuza unga uliochanganywa tayari kwa kazi hiyo, akauita VegeBurger. Mnunuzi aliongeza maji, akafinyanga, akakaanga.

Lakini jina tu ndilo geni. Kazi yenyewe ni ya zamani. Wamisri hutwanga baqila zilizolowekwa, wakazichanganya na vitunguu na majani mabichi, wakakaanga tonge zake katika mafuta, nao huziita taamia. Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia, ambao hufunga siku nyingi sana za mwaka bila kuonja nyama, maziwa wala mayai, wana vyakula vingi vya dengu na njegere vya siku hizo. Na hapa kwetu, nani asiyejua bajia za kunde za watu wa pwani? Kunde zenyewe ni mmea wa Afrika tangu kale. Maharagwe ndiyo wageni, maana asili yake ni Amerika, nayo yalivuka bahari kuja huku baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492.

Mambo hayo niliyazungumza asubuhi, mlango wa jiko ukiwa wazi. Mama yangu, aliyekuwa akichambua mboga kama mtu asiyesikia, akainua kichwa. "Bajia nazijua," akasema. "Nilizila Tanga nilipokuwa msichana." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwetu siku hiyo. Kisha akamtazama mjukuu wake, akamwuliza, "Maharagwe yenyewe utayapika namna gani?"

Binti yangu ni mtu wa busara. Alisema, "Bibi, nimezoea yale ya kopo. Haya makavu nifundishe wewe."

Basi hao wawili wakaketi na ungo kati yao. Mama alimwonyesha jinsi ya kutenga yaliyotobolewa na wadudu, na vijiwe, na yale ya mwaka wa jana, ambayo huwa magumu hata yakila kuni za siku mbili. Wakayaosha, wakayaloweka usiku kucha kwa maji mengi. Asubuhi wakayamwaga maji yale, wakatia mengine.

Msomaji, usilipuuze neno hili la kupika maharagwe, hasa yale mekundu. Mabichi yana sumu ya asili, na mtu akila hata machache ambayo hayakuiva aweza kutapika na kuumwa tumbo vibaya baada ya saa chache. Dawa yake ni moto. Yakiisha kulowekwa na kumwagwa maji, sharti yachemke kwa nguvu, maji yakitokota kweli, si chini ya dakika 10. Ndipo upunguze moto na kuyaacha yaive mpaka yapondeke kwa vidole. Moto hafifu usiochemsha hauiondoi sumu ile, hata chungu kikae mekoni muda mrefu. Wako watiao magadi ili yaive upesi. Ni kweli huiva, lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini zilizomo. Kuloweka kwatosha, tena kwaokoa kuni.

Sasa nitaandika kipimo kama nilivyokiona kwa macho yangu. Twaa kikombe kimoja cha maharagwe makavu. Yakiisha kuiva yatakuwa vikombe viwili na nusu au zaidi kidogo. Yachuje, uyatandaze katika ungo safi mpaka mvuke uishe na yakauke juu, maana adui wa baga ni maji. Chemsha viazi mviringo viwili, uviponde. Kwaruza karoti mbili na kipande cha kabichi, unyunyize chumvi, ungoje kidogo, kisha ukamue maji yake kwa mkono. Katakata kitunguu kimoja, ukikaange mpaka kilainike, pamoja na vitunguu saumu na kipande cha tangawizi kilichotwangwa. Ponda maharagwe, lakini usiyafanye uji. Acha mengine nusu nzima, ili mlaji apate kitu cha kutafuna. Changanya vyote, utie bizari nyembamba, pilipili manga, majani ya kotmiri na chumvi ya kutosha. Mwisho nyunyiza unga wa ngano au chenga za mkate mkavu, nusu kikombe kwa kuanzia, mpaka mchanganyiko uache kushika vidole.

Mama yangu aliuliza swali zuri: "Bila yai, kitu gani kitashikamanisha?" Jibu ni viazi na unga. Wanga wake huvuta unyevu na kunata, na ukipoa huzidi kuwa mgumu. Ndiyo sababu mchanganyiko huachwa upumzike mahali pa baridi nusu saa kabla ya kukaanga. Ukiona zavunjika mkononi, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Ukiona zapasuka kandokando kwa ukavu, lowesha mikono yako. Finyanga duara bapa, unene wa kidole. Kipimo hicho chatoa nane au tisa.

Pasha mafuta kidogo katika kikaango, uzipange bila kuzisonga, nawe usiziguse dakika nne au tano, mpaka upande wa chini ufanye ngozi ya kahawia. Mwenye haraka azigeuzaye mapema atapata rojo. Geuza mara moja tu, ukaange upande wa pili vivyo hivyo. Sisi tulizila kwa mkate, nyanya na kachumbari ya limao. Mama alikula yake kwa ugali, akasema mkate wamwondolea ladha. Alikula mbili. Kisha akasema, "Mke mwenzangu, chumvi imepungua. Kesho nitakuonyesha." Nasi tuliokuwapo tukajua ya kuwa mambo yamekwisha.

Na yule jogoo? Alichinjwa siku ya Krismasi kwa ajili yetu sisi wengine. Binti yangu hakula, wala hakuna aliyemshurutisha. Lakini paja la jogoo yule yeye ndiye aliyempelekea Bibi yake, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili. Nimefundisha darasani miaka mingi habari za heshima, lakini sijapata kuifundisha vizuri kama nilivyoiona siku ile.

Pengine msomaji atauliza kama chakula hiki chaweza kumtunza mtu. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini yapata gramu 21 au zaidi. Yakipikwa na kunywa maji, gramu 100 zabaki na 8 au 9. Protini ya maharagwe ina upungufu fulani, na ile ya nafaka ina upungufu mwingine, na kila moja hujaza pengo la mwenzake. Kwa hiyo wazee wetu waliokula maharagwe kwa ugali au kande hawakukosea. Madini ya chuma yaliyomo huingia mwilini vyema zaidi ukila pamoja na limao, chungwa au mboga mbichi. Lakini liko jambo moja ambalo kijana asiyekula kabisa vitu vya wanyama sharti alijue: vitamini B12 haipatikani katika maharagwe wala katika mboga, na mwili ukiikosa muda mrefu, damu hupungua na mishipa ya fahamu hudhurika. Yampasa aipate kwa vidonge, au kwa vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Binti yangu nilimwuliza habari hii, akanionyesha vidonge vyake, nikatulia.

Sisemi ya kwamba watu wote waache nyama. Kwetu nyama huliwa siku chache tu, na wengi huikosa kwa bei yake, si kwa azimio. Hata hao baga hizi zitawafaa, maana vyote vilivyomo, ila viungo, hutoka shambani. Neno nitakalo kulisema ni kwamba nyumba yenye watu wenye desturi mbalimbali yaweza kukaa pamoja, ikiwa kijana ataomba kufundishwa na mzee atakubali kuulizwa. Mtu aweza kukataa chakula bila kumkataa mpishi, lakini lazima aonyeshe tofauti hiyo kwa mikono yake, kwa kuwa maneno matupu hayatoshi.

Basi mwenye kijana wa namna hii nyumbani, asingoje ugomvi ukomae. Na achambue kikombe kimoja cha maharagwe jioni ya leo, ayaloweke, na kesho wapike pamoja.