Kikosi cha Fisi

Mwaka 1986 nilikuwa skauti wa darasa la sita huko Mbulu, enzi zile tukiwa bado Mkoa wa Arusha. Mwalimu alipogawa vikosi, wenzetu walipata Simba, Chui na Tembo. Sisi wanane wa mwisho tukaangukiwa na Fisi. Tukanuna.

Fisi tulimjua. Nyumbani ng'ombe walilala ndani pamoja nasi, na usiku ungemsikia akizunguka ukuta, akinusa kwenye ufa wa mlango. Ng'ombe wote wangeacha kucheua mara moja. Mnyama huyo ndiye tubebe jina lake?

Mwalimu akaandika ubaoni: IMPEESA. Akasema ndilo jina alilopewa Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, vitani mwaka 1896 katika nchi ya Wamatabele, yaani Wandebele, Zimbabwe ya leo. Mwenyewe alilieleza kuwa ni mbwa mwitu asiyelala.

"Hizo e mbili za Kiingereza zisomeni i."

Tukasoma: impisa. Mwenzangu mmoja akaruka: "Mwalimu, hiyo si fisi?"

Ndiyo. Wandebele na Wazulu husema *impisi*, Waswahili husema *fisi*. Ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu. Mbwa mwitu wa hadithi za Ulaya hata haishi kule kusini. Siku hiyo tulivaa skafu vifua mbele.

Kila kikosi kilikuwa na mlio wake, na wetu hatukufundishwa na mtu. Kambini, chini ya Mlima Hanang, tuliutoa gizani baada ya moto kufifia. Simba ndio waliotangulia kuingia hemani.

Niliporudi nilimweleza babu yangu, mzee wa Kiiraqw, ambaye kwa lugha yake fisi ana jina lisilo na udugu wowote na letu la Kiswahili.

"Babu, mkubwa wa maskauti wote aliitwa Fisi!"

Hakucheka. "Mjukuu wangu, waliompa jina hilo walikuwa rafiki zake?"

Nikamkumbuka mwalimu akisimulia jinsi yule askari alivyokuwa akinyemelea usiku kwenye vilima vya Matopo, akichunguza kambi za wenyeji.

"Hapana, Babu. Alikuwa akipigana nao."

"Basi walimwita vizuri," akasema, akainuka kwenda kukomea mlango.